Bibi Aliyetundikwa Msumarini

Sikuwahi kupenda ushairi. Nalisema mapema ili msomaji asije akadhani anasoma habari za mwalimu aliyezaliwa na wito. Niliangukia kufundisha mashairi kwa sababu mwenzangu aliyekuwa akiyafundisha aliacha chaki mezani Jumatatu moja, akaenda kambi ya wakimbizi kuwa mtunza ghala la maharage, na hakurudi hata kuchukua mwavuli wake. Mwalimu mkuu aliutazama ule mwavuli, akanitazama mimi, akasema, "Kiswahili darasa la nne sasa ni chako." Mwavuli akauchukua yeye.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi. Shule yetu ilikuwa Bukiriro, wilayani Ngara, katikati ya migomba na mashamba ya maharage, mahali ambapo zamani gari likipita tulitoka madarasani kuliangalia. Halafu watu wakavuka mpaka, wengi kuliko watu wote tuliowahi kuwaona maishani. Nyuma yao yakaja malori, nyuma ya malori yakaja magari meupe yenye antena ndefu, na magari meupe yakaanza kutuchukulia walimu mmoja mmoja. Tulikuwa saba, tukabaki watatu. Mwalimu mkuu alibaki kwa sababu umri wake ulikuwa umeshapita wa kuajiriwa na mtu mwingine. Mwalimu wa dini alibaki kwa sababu alisema Mungu amemwambia abaki. Mimi nilibaki kwa sababu barua zangu za kuomba kazi zilikuwa katika mashirika matatu na hakuna hata moja lililojibu. Mtu asije akaniandikia cheti cha uzalendo.

Tena mimi si wa Ngara. Nimezaliwa Nyarubungo, Biharamulo, nyumbani tulizungumza Kisubi, na Kihangaza cha Bukiriro nilikielewa kama mtu anayesikiliza redio ambayo betri zake zinakwisha. Wanafunzi wangu walizungumza Kihangaza nyumbani, njiani na kwenye foleni ya maji. Kiswahili kilikuwa cha darasani, kama sare. Unakivaa asubuhi kwa sababu usipokivaa utachapwa, na saa nane unakivua unapumua.

Sasa mtoto kama huyo mpe shairi. Kitabu chetu kilikuwa kimoja, na panya walikuwa wamekisoma kabla yetu. Watoto walisimama mstari, mikono nyuma, wakakariri kwa sauti ya kufukuza ndege shambani, wote kwa pamoja, beti zote, bila kukosea. Nilipowauliza shairi linahusu nini, mvulana mmoja wa mbele, mwenye akili kuliko wote, alinyoosha kidole akasema, "Linahusu beti nne, mwalimu."

Nikauliza mwingine. Akasema linahusu vina na mizani.

Nilikasirika, lakini nilikasirika zaidi kwa sababu na mimi nilipokuwa darasa la nne ningejibu hivyohivyo. Jioni ile, nikisubiri maharage yaive, nikaandika shairi langu mwenyewe. Sikuwa na msukumo wowote wa moyo. Nilikuwa na kalamu, njaa, na maharage ya mwaka jana yaliyokuwa magumu kama kokoto. Nilifikiri nikiandika habari za kitu wanachokijua, angalau sitasikia tena habari za beti nne. Ubeti wa kwanza ulikuwa huu:

*Bibi ni taa ya nyumba, huangaza kila kona,*
*Hata giza likitamba, njia yote nitaona,*
*Upepo ukimkumba, hazimi, bado twamwona,*
*Bibi yangu, taa yangu, usije ukazimika.*

Si shairi la kujivunia. Lakini nilihesabu mizani kwa vidole, nane kwa nane, nikajiona bingwa.

Kesho yake nikaliandika ubaoni. Walilikariri kabla sijapangusa vumbi la chaki mikononi. Nikauliza, "Haya, huyu bibi yuko wapi?" Sauti moja kutoka nyuma ikasema, "Amekufa, mwalimu." Nikauliza nani amesema amekufa. Wakaniambia kwamba kila mtu anayetajwa kwenye shairi huwa amekufa, la sivyo angetajwa kwenye hesabu.

Hapo ndipo nilipotupa chaki. "Choreni!" nikasema. "Kama hamwezi kuniambia, nichoreeni. Mstari kwa mstari. Atakayeandika neno hata moja nitamtoa nje." Miaka ya baadaye nimekutana na wataalamu wa elimu walionipongeza kwa mbinu ile, wakaniuliza niliisomea wapi. Nimekuwa nikiwajibu kwa heshima. Ukweli ni kwamba ilikuwa adhabu.

Karatasi hatukuwa nazo. Tulichokuwa nacho ni maboksi. Barabarani yalitupwa maboksi ya biskuti za msaada kila siku, makubwa, safi kwa ndani, yameandikwa ubavuni kwa rangi ya bluu maneno ambayo hakuna aliyeyasoma. Watoto waliyaokota, tukayapasua kwa kisu. Wino ulikuwa mkaa na masizi ya sufuria. Rangi nyekundu ilikuwa udongo wa palepale uwanjani, na kijani ilikuwa majani ya maharage yaliyopondwa kwa mate, jambo ambalo sikuliagiza mimi.

Sikutegemea kilichotokea. Darasa ambalo halikuwahi kuniuliza swali lilianza kugombana. Upepo una mdomo au hauna? Kama hauna, unapuliza kwa kitu gani? Giza lina miguu? Linatamba vipi bila miguu? Mvulana yule wa beti nne alichora giza kama jogoo, kwa sababu alisema katika boma lao anayetamba ni jogoo peke yake, na nilipomtazama nikaona kwamba yeye amelielewa lile neno kuliko mimi niliyeliandika. Walisimama juu ya madawati, wakarudia mistari yangu si kwa kukariri bali kwa kushtakiana: "Tazama, ameandika hazimi! Wewe umemzima!" Kengele ya mapumziko ililia na hakuna aliyetoka. Nilikaa juu ya meza yangu nikiwa na furaha ambayo sikujua niiweke wapi.

Picha iliyowashinda wote ilichorwa na msichana wa dawati la dirishani. Alikuwa mdogo wa umbo, kimya, hajawahi kupata mizani sawasawa hata siku moja. Ukimwambia nane anakuletea sita, ukimwambia afikirie tena anakuletea kumi na moja. Alikuwa akiishi na bibi yake mzaa mama. Mama yake alimzaa akiwa nyumbani, kisha baadaye akapata mume Nyamigogo, Biharamulo, na mwanamume yule akasema anaoa mke, haoi mke na mtoto. Basi mtoto akabaki kwa bibi. Mambo hayo yapo kila kijiji, wala hakuna aliyemwonea huruma kupita kiasi.

Yeye alimchora bibi kuwa taa yenyewe. Wengine walichora bibi ameshika taa, maana walikuwa na akili za kawaida. Bibi wa msichana huyu hakuwa na miguu, alikuwa na kitako cha bati. Kifuani alikuwa na kioo chenye ufa uliobandikwa kitambaa. Juu ya kichwa moto ulikuwa ukiwaka, na juu ya moto kulikuwa na mkono wa waya uliopinda, na mkono ule ulitundikwa kwenye msumari. Pembeni upepo wenye mashavu makubwa na meno ulikuwa ukimpuliza, na nafasi yote iliyobaki aliijaza mkaa mpaka boksi likang'aa kwa weusi. Bibi alikuwa akitabasamu. Kwa bahati mbaya tabasamu lilikuwa dogo.

Mwalimu mkuu alizipenda picha zile kwa sababu zake mwenyewe. Ukuta wa mbele wa shule ulikuwa na nyufa, na yeye aliishi kwa hofu ya wageni. Akazigongomelea zote ukutani kwa nje, kubwa juu ya ufa mkubwa, ndogo juu ya ufa mdogo. Bibi wa msumarini akapewa ufa wa karibu na mlango wa ofisi.

Siku ya Jumanne gari jeupe likasimama shuleni kwetu kuomba maji ya rejeta. Akashuka mama mmoja wa Kizungu mwenye kofia ya kamba, na mkalimani wake, bwana wa makamo kutoka Moshi mwenye kalamu nne mfukoni. Yule mama kazi yake kambini ilikuwa watoto. Aliwapa karatasi na rangi wachore yaliyowapata, kisha akazisoma picha zao kama daktari anavyosoma kipimo. Ilikuwa kazi ya maana, na watoto wale walikuwa wameona mambo. Simcheki kwa hilo. Nacheka kwamba aligeuka kutoka kwenye rejeta, akaona ukuta wetu.

Nilimwona akisimama. Alisoma kwanza yale maandishi ya bluu kwenye kingo za maboksi zilizokunjika mbele, maana alikuwa akiyaona kila siku ghalani kwao. Kisha akamwona bibi. Akaweka mkono mdomoni.

"Anauliza," mkalimani akaniambia, "ni nani amechora huyu mama aliyenyongwa?"

Nikamwambia hajanyongwa, ametundikwa.

Akatafsiri. Sura ya yule mama ikazidi kubadilika.

Msichana akaitwa. Akasimama mikono nyuma, akajibu kila swali kweli tupu, kama tulivyomfundisha. Mama yako yuko wapi? Alienda. Baba yako? Simjui. Mama alienda lini? Watu walipokuja. Maana ndio mwaka uleule, na kijiji kizima kilihesabu mambo hivyo: kabla watu hawajaja, na watu walipokuja. Nyumbani mnazungumza lugha gani? Akasema neno moja la Kihangaza, na mkalimani wa Moshi, ambaye masikioni mwake lugha zote za mpakani zilikuwa moja, akaandika kitu. Unaishi na nani? Na bibi. Bibi yuko wapi? Mtoto, akidhani anaulizwa habari za shairi, akageuka akaonyesha picha.

Nilisema. Nataka ijulikane kwamba nilisema. "Mwambie ni shairi," nikamwambia mkalimani. "Nimeliandika mimi. Bibi ni taa ya nyumba." Akamweleza. Yule mama akatikisa kichwa taratibu, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema maneno marefu.

"Anasema watoto wengi huyasema machungu yao kwa ushairi," mkalimani akatafsiri. "Anasema wewe una kipaji. Wana nafasi ya kazi kambini kwa mtu wa kuchoresha watoto. Anauliza, unaweza kuja Ijumaa? Gari litakuja kumchukua mtoto, atakaa kwenye kituo cha watoto mpaka ndugu zake wapatikane. Ungekuja naye."

Na mimi, niliyekuwa nimeandika barua tatu, nikafunga mdomo.

Msichana akavishwa utepe wa plastiki mkononi wenye namba. Darasa zima lilimwonea wivu. Mvulana wa beti nne alimwambia atambadilishia na kisu.

Jumatano nilifua gauni langu la maua. Nilijiambia maneno mengi siku ile, mengine ya busara kabisa. Nilijiambia ni uchunguzi tu, atarudi. Nilijiambia kituoni kuna maziwa na biskuti, na bibi yake hana maziwa wala biskuti. Nilijiambia nikiwa kule nitamwangalia mwenyewe. Nilimwambia hata mwalimu mkuu, naye akasema, "Nenda mwanangu, Mungu amekufungulia," halafu akauliza kama nitaacha mwavuli. Nilimkumbusha mwavuli anao yeye.

Alhamisi mchana, saa nane imeshapita na watoto wameondoka, bibi mwenyewe akaja. Sikuwa nimewahi kumwona karibu. Alikuwa mrefu, mguu mmoja una kidonda cha zamani, amejifunga kitenge cha kutokea. Nilisimama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Hakukaa. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, alikitoa neno moja moja. "Mwarimu, wanasema gari ra wageni rinakuja kesho. Mtoto wangu anakwenda kurara wapi?"

Nikamwambia kambini, kwa muda kidogo, wanataka kumsaidia kutafuta ndugu zake.

Alinitazama. "Ndugu zake ni mimi," akasema. "Mimi nimepotea?"

Nikaokota chaki mezani. Hakupiga kelele, hakulia. Alisema anarudi kupika kwa sababu mtoto atakuwa na njaa, akashuka kilima na mguu wake ule, nami nikabaki ofisini nimeshika chaki kama mjinga. Nilijiona mchafu. Sina neno jingine la kulipamba.

Nilimfuata. Nilifika kwake jua likiwa bado juu ya migomba. Nyumba ilikuwa ya udongo, imefagiliwa, mtoto yuko nje anapukuchua mahindi na utepe wake mkononi. Nilikaribishwa ndani, nikakaa kwenye kigoda, na nilipoinua macho nikaiona. Kwenye ukuta, kwenye msumari, imetundikwa taa ya chemli. Mkono wake wa waya umepinda kushoto. Kioo kina ufa, na ufa umebandikwa kitambaa. Kitako cha bati kimebonyea mahali palepale. Mtoto hakuwa amebuni hata mstari mmoja. Alikuwa amesoma shairi langu kama mtu anayeamini kwamba lililoandikwa ni kweli, akaikumbuka taa ya nyumbani, akamkumbuka bibi, akawaunganisha.

"Bibi," nikasema, "kesho njoo shuleni na taa hii."

"Asubuhi?"

"Saa nne."

"Mtu anayetembea na taa saa nne za asubuhi," bibi akasema kwa Kihangaza, mtoto akitafsiri kutoka mlangoni, "watasema amechanganyikiwa."

"Waache waseme. Njoo."

Ijumaa alikuja. Alikuwa ameiwasha. Alivuka uwanja wa shule jua kali kichwani, taa inawaka mkononi, anatembea polepole asiizime, na darasa la kwanza hadi la saba wakajaa madirishani. Nilimuuliza kwa nini ameiwasha. Akanijibu kwamba nilimwambia alete taa, na chombo kisichowaka si taa.

Gari likaja. Nilikuwa nimevaa gauni la maua, sikuwa na nguo nyingine safi. Nilimwambia mkalimani asikilize vizuri kwa sababu nitasema mara moja tu. Nikasema mtoto huyu ni wa hapa, kazaliwa kilima kile. Mama yake yuko Nyamigogo kwa mume, mzima, anapalilia. Bibi huyu hapa hajavuka mpaka wowote maishani mwake. Hakuna aliyenyongwa. Nililijua hilo tangu Jumanne, na nilinyamaza kwa sababu nilitaka kazi. Mkalimani alisita kwenye hilo la mwisho. Nikamwambia litafsiri na hilo.

Kisha nikamwita msichana. Bibi aliinua taa kando ya picha, na mtoto akasema shairi mstari kwa mstari, kidole kikitoka kwenye picha kwenda kwenye taa na kurudi: waya huu, waya ule, ufa huu, ufa ule, upepo. Alipofika kwenye upepo, upepo wa kweli ukapita, mwale ukalala, ukainuka tena. Watoto madirishani wakapiga makofi kana kwamba mimi ndiye niliyepanga.

Lazima niseme yule mama wa kofia alikuwa mtu muungwana kuliko nilivyokuwa mimi wiki ile. Uso wake uliiva wekundu, akasema samahani, akamwambia bibi mwenyewe kwa Kiswahili chake kibovu, "Samahani, mama." Akatoa mkasi mdogo mkobani akaukata utepe mkononi mwa mtoto.

Msichana akaangua kilio. Alilia kwa sauti ambayo hatukujua kwamba anayo, mabega yanaruka, na sisi watu wazima tukacheka: kumbe analilia utepe! Mkalimani alicheka, mwalimu mkuu alicheka, nami nilicheka kuliko wote kwa sababu nilikuwa na haja ya kucheka. Mvulana wa beti nne akapaza sauti dirishani kwamba kisu bado kipo.

Bibi peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika jambo lingine. Alimuuliza mjukuu wake kwa Kihangaza yale maneno aliyokuwa akiyasema yana maana gani. Mtoto, bado ana kwikwi, akamweleza: kwamba wewe ni taa.

Bibi akakunja uso. "Taa?" Akaitazama aliyoishika. "Hii? Ya kununua dukani? Inayonuka mafuta?" Akanigeukia mimi, na safari hii Kiswahili chake kilimtosha. "Mwarimu, umefundisha mtoto kunitukana?"

Nilijaribu kumweleza kwamba ni sifa. Akasema hakuna sifa hapo. Marehemu mume wake alikuwa mchunga ng'ombe, na alipotaka kumsifu alimwita ng'ombe, tena alisema ng'ombe yupi, mwenye pembe zipi, anavyotembea akienda majini, akamwimbia mbele ya watu. Mtu akikupenda anakuita ng'ombe. Taa ni kitu unachokituma kazi.

Mkalimani akatafsiri yote. Nikaona kalamu ya yule mama inatoka mkobani, nikamwomba Mungu wa mwalimu wa dini aizuie.

Gari liliondoka na nafasi yangu ya kazi. Iliniuma. Nililisindikiza kwa macho mpaka vumbi likatua, na nisingekuwa na gauni lile la maua labda ningekaa chini palepale.

Jumatatu nilifuta shairi langu ubaoni. Niliwaambia watoto kwamba limekataliwa na mwenye nyumba. Nikawapa maboksi, nikawaambia leo tunaanza na picha: chora mtu wako kama nyumbani kwenu wanavyomsifu, kisha chini yake andika mstari mmoja, Kiswahili, mizani nane kwa nane, na asiyejua kuhesabu ahesabu vidole vya jirani. Ng'ombe walijaa darasani. Palikuwa na shangazi wenye nundu na baba wenye mikia, na mwalimu mkuu alipopita dirishani akauliza kama sasa tunafundisha ufugaji.

Msichana wa dirishani alimchora bibi yake upya. Miguu alimpa minne safari hii, na pembe ndefu zilizotoka nje ya boksi kwa sababu boksi halikutosha. Mbele ya pembe kulikuwa na kitu kidogo cheupe chenye magurudumu na antena, kimegeuka kinarudi kilikotoka. Chini yake alikuwa ameandika:

*Bibi yangu ana pembe, gari halinichukui.*

Nilihesabu kwa vidole. Nane, na nane. Nikahesabu tena, maana nilihitaji kitu cha kufanya nikiwa nimeinama pale. Katika siku zile zote za wiki iliyopita, watu wazima tulikuwa tumemuuliza mtoto yule maswali mengi sana, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza kama anataka kwenda. Nikakumbuka kilio chake, na jinsi nilivyocheka.

"Ulijua wanataka kukuchukua?" nikamuuliza kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, mwalimu."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne." Alikuwa akijaza mkaa kwenye magurudumu, hakuinua kichwa. "Nilikuwa nangoja useme."